Barua ya wazi kwa Gavana wa Kisumu na Waziri wa Elimu: hewa ya darasani haina mwenyewe

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kisumu,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Na kwa waheshimiwa wabunge wa kaunti hii, ambao CDF (fedha za maendeleo) za maeneo bunge yenu hujenga madarasa,

Salamu kutoka Obunga.

Mimi ni fundi wa mitambo ya majengo. Hapa mjini ninatunza feni, pampu na vipoza hewa vya jumba moja la ofisi. Asubuhi nikifika kazini, kabla wenye ofisi hawajaingia, kompyuta iliyo katika chumba cha chini huwa imeshapima joto la kila orofa na kuwasha feni. Watu wakijaa kwenye ukumbi wa mikutano, kihisi kilichofungwa ndani ya bomba la hewa huona kwamba hewa imechoka, hupeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta hufungua mlango wa hewa ya nje kidogo zaidi. Hakuna anayenyanyuka kitini. Wengi wanaofanya kazi humo hata hawajui kwamba jambo hilo hutokea mara nyingi kila siku.

Jioni hupitia shule ya msingi ya umma anakosoma binti yangu. Yuko gredi ya tano na ana pumu. Katika muhula wa kwanza, ule wa jua kali na vumbi, alikosa shule siku nyingi mno, na mwalimu wake akaniita. Sikutarajia alichoniambia. "Mzazi, huyu mtoto nikimweka karibu na dirisha anakohoa kwa moshi. Nikimhamishia nyuma anasinzia. Nimweke wapi?"

Nilikaa kimya. Mimi ambaye nalipwa kujua hewa inaingia wapi na inatokea wapi, sikuwa na jibu la kumpa mwalimu wa mtoto wangu. Barua hii ni jibu ambalo nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile, na sehemu kubwa ya jibu hilo iko mikononi mwenu.

Kwa wale ambao hamjafika kwetu, nieleze kidogo. Obunga ndiko akina mama wanakokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu. Moto ni wa kuni, sufuria ni za mafuta, na moshi wake ni mzito. Naomba sana, asitokee mtu akaisoma barua hii kisha akatuma askari wa kaunti kuwafukuza. Kazi hiyo ndiyo inayowanunulia watoto wa shule hii sare na madaftari. Lakini moshi hufuata upepo, na mchana upepo wa ziwa huvuma kutoka Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, kuingia nchi kavu, saa zilezile watoto wako darasani. Ongeza takataka zinazochomwa kando ya barabara. Ongeza jiko la shule lenyewe, linalopika nyoyo (mahindi na maharagwe) kwa kuni hatua chache kutoka madarasa ya watoto wadogo, na mama wa jikoni ambaye macho yake ni mekundu tangu nilipomjua.

Sasa tazameni darasa. Paa ni mabati bila dari. Madirisha nayo ni ya mabati, kwa sababu vioo viliibwa au vilivunjwa. Ukiyafunga, giza linaingia na joto linapanda. Ukiyafungua, moshi unaingia. Vile vitundu vya hewa ambavyo fundi aliviacha juu ya madirisha vimezibwa kwa magunia na karatasi za nailoni, mahali pengine kwa sababu ya popo, mahali pengine kwa hofu ya mbu. Naielewa hofu hiyo, kwani hapa ziwani malaria imetuzika wengi. Lakini mbu wa malaria huuma usiku, na hii ni shule ya kutwa. Wavu wa chuma ungezuia popo na kuacha hewa ipite. Gunia linazuia vyote.

Nifanye hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu mtasema mzazi analalamika tu. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008, uliotolewa na Wizara ya Elimu yenyewe, unataja darasa la mita 7.5 kwa 6, la watoto 40 kwenye madawati ya wawili wawili. Likiwa na kimo cha mita 2.7, chumba hicho kina lita 121,500 za hewa. Mtoto wa miaka kumi aliyetulia kitini hutoa takriban lita 10 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Darasa la binti yangu lina watoto 60, kwa hiyo ni lita 600 kwa saa. Hewa ya nje huwa na kaboni dayoksaidi sehemu 420 hivi kwa milioni. Funga madirisha, na itavuka sehemu 1,000 kwa milioni katika dakika saba. Hata watoto wangekuwa 40 kama mwongozo unavyotaka, ni dakika kumi na moja tu.

Hiyo 1,000 si namba niliyoichomoa hewani. Mwaka 1858, kule München, mtaalamu wa afya Max von Pettenkofer aliitaja kama mpaka wa hewa njema ndani ya nyumba, na mpaka leo mafundi wa kazi yangu huitumia kama alama ya kwamba chumba hakipati hewa ya kutosha. Kwa viwango hivyo kaboni dayoksaidi haiui mtu. Inachotuonyesha ni kiasi cha pumzi ya wenzake ambayo mtoto anaivuta tena. Kama mmoja ana mafua, au ana kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, darasa zima linagawana. Halafu unakuja ule usingizi wa saa nane mchana ambao walimu huuita uvivu.

Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, nilinunua kipimo kidogo cha kaboni dayoksaidi na moshi na kukiweka kwenye rafu ya nyuma, siku ya mvua, madirisha yakiwa yamefungwa. Kilivuka 1,000 kabla mwalimu hajamaliza kuita majina kwenye rejista. Siku ya jua tulifungua madirisha yote, ile namba ikashuka vizuri kabisa. Ya pili ikapanda.

Namba ya pili ni ya chembe za moshi na vumbi zile ndogo sana, zisizozidi upana wa mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwa chako una upana wa chembe kama hizo thelathini hivi zikipangwa kwa mstari. Kwa udogo wake hazinaswi puani. Hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, na wa siku moja usizidi 15. Sitawatajia kila nilichokisoma kwenye kipimo changu, kwa sababu ni kifaa cha bei nafuu na nitaeleza hapa chini udhaifu wake. Ninachokisema kwa uhakika ni kwamba namba mbili zile zilikuwa zikivutana kama watoto wawili na shuka moja. Mwalimu alikuwa sahihi. Dirishani moshi, nyuma usingizi.

Ndiyo maana kusema "fungueni madirisha" hakutoshi, ingawa ndicho tulichoambiwa shule zilipofunguliwa Januari 2021 wakati wa korona. Kuna saa za kufungua na saa za kufunga, na hakuna jicho linaloweza kuziona. Lazima zipimwe.

Sasa niwaulize, wakubwa wangu: hewa ya darasa hili ni ya nani? Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linaipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, na linaipa pia shule za chekechea. Shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa. Darasa hujengwa na CDF, ramani yake hupigwa muhuri kaunti, na ufunguo hukaa kwa bodi ya shule. Nilipouliza ofisi moja, nilielekezwa kwa nyingine. Ile nyingine ikaniambia nianzie kule nilikotoka. Sikumkuta mtu mbaya katika safari hiyo. Wote walinisikiliza vizuri. Lakini hewa ikishavuka kizingiti cha mlango wa darasa, haina mwenyewe. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaomba, na halihitaji hata shilingi: ketini pamoja, wizara na kaunti, muandike kwa jina la cheo ni afisa gani anayewajibika kwa hewa ya ndani ya madarasa ya umma katika kaunti hii, na simu yake ibandikwe katika kila ofisi ya mwalimu mkuu.

Jambo la pili linahitaji fedha, ila si nyingi kama mnavyoogopa. Nimesikia watu wakisema kwamba mitambo ya majengo inayojiendesha ni ya mahoteli na mabenki. Historia yake inasema vingine. Mwaka 1883, Warren Johnson, mwalimu wa chuo cha ualimu huko Wisconsin, Marekani, alisajili hataza (haki ya uvumbuzi) ya kifaa cha umeme cha kusikia joto la chumba. Alichoka kuona mtunza jengo akiingia darasani kila mara kukagua joto na kukatiza masomo. Mitambo ninayolipwa kuitunza leo ni wajukuu wa kile kifaa cha darasani. Na wenzetu wameirudisha huko huko: Uingereza, kuanzia mwaka 2021, serikali ilitangaza vipimo vya kaboni dayoksaidi takriban 300,000 kwa shule zake, na mji wa Boston ukafunga vihisi katika vyumba zaidi ya 4,000 vya shule za umma, namba zake zikawa wazi kwa mzazi yeyote. Karibu na sisi, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa tangu 2015 ukitengeneza Kampala vipimo vya hewa vinavyohimili joto, vumbi na umeme wa kwetu. Kampala na Kisumu zinakunywa ziwa moja.

Lakini nawasihi msianze kwa kununua vifaa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji, na pengine na baadhi ya washauri wenu. Anzeni na ukuta. Toeni magunia, wekeni wavu. Toboeni matundu upande wa pili wa darasa, ili hewa iingie huku na itokee kule, maana tundu la upande mmoja peke yake halisaidii sana. Wekeni dari chini ya mabati, na pale juu kabisa ya paa acheni mwanya wa hewa moto kutorokea. Hamisheni jiko la shule liwe upande ambao upepo wa mchana unatoka kwenye madarasa kwenda jikoni, na lijengwe liwe la bomba la moshi, au la gesi mahali ambapo bodi inaweza kumudu kuijaza. Fundi wa mtaa anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo katika likizo moja ya Agosti. Serikali ilipotangaza madarasa 16,000 ya gredi ya tisa kwa ajili ya Januari 2025, laiti ramani yake ingeanza na swali la upepo wa mahali, tungekuwa tumeokoa mengi. Ya kesho bado hayajajengwa.

Ukuta ukishapumua, ndipo mlete feni na vihisi. Kihisi kimoja ndani ya kila darasa chenye kupima kaboni dayoksaidi, chembe za moshi, joto na unyevu. Kimoja nje, upande wa moshi. Feni ya darini inayotumia umeme mdogo, na feni ya ukutani yenye chujio inayoingiza hewa safi zile saa ambazo nje kuna moshi. Kidhibiti kidogo kinalinganisha namba za ndani na za nje, kisha kinaamua: feni iwake, ipunguze, au taa ya rangi iwake ukutani kumwambia mwalimu afungue madirisha ya upande wa mashariki. Ndiyo, taa tu. Hatuhitaji mota kwenye kila dirisha. Tuna watoto 60 wenye mikono, na watalifungua kwa furaha. Kihisi chenyewe hakili umeme mwingi kuliko chaja ya simu. Na kwa kuwa stima hupotea na tokeni huisha, sola ya ukubwa wa wastani juu ya paa ibebe feni. Jua hatujawahi kulikosa Kisumu.

Mkishafika kwenye tenda, tafadhali simameni hapo kwa muda mrefu. Jumba ninalolitunza liliwahi kufungiwa mtambo na kampuni moja ambayo sitaitaja. Mkataba ulipoisha waliondoka na nywila. Miezi mingi tulikuwa na kompyuta inayoona kila kitu na isiyotii mtu. Feni zikawashwa kwa mkono kama zamani. Mwishowe tulinunua kidhibiti kingine. Ofisi tajiri inaweza kuvumilia hasara hiyo, shule ya Nyalenda au ya Nyando haiwezi. Kwa hiyo andikeni katika tenda kwamba mitambo izungumze lugha ya wazi, isiyofungwa kwa kampuni moja, kama BACnet ambayo imekuwa kanuni ya kazi hii tangu 1995, kwamba nywila na michoro ni mali ya shule, na kwamba data yote inapakuliwa bila malipo. Muuzaji akikataa masharti hayo, mshukuruni na mumwage.

Halafu matunzo, ambayo ndiyo hunikosesha usingizi. Kipimo cha bei nafuu cha moshi kina feni ndogo inayovuta hewa kupita mbele ya mwanga wa leza. Chembe zinatawanya mwanga, nacho kinahesabu. Asubuhi ziwa likitoa unyevu, matone ya ukungu nayo huhesabiwa kama moshi, na namba hudanganya. Vumbi likijaa ndani, hudanganya tena. Buibui akitaga humo, basi. Kila muhula lazima visafishwe, na kila mwaka viwekwe kando ya kipimo kimoja cha hali ya juu ili virekebishwe. Kaunti inunue hicho kimoja. Kazi ya kusafisha na kulinganisha wapeni vijana wa Kisumu National Polytechnic wanaotafuta nafasi za mafunzo kazini. Nipo tayari kuwafundisha Jumamosi bila kulipwa, na najua mafundi wenzangu ambao wangefanya hivyo. Tumeshaona vishikwambi vya shule vikikaa kabatini mpaka betri zikafa. Waliopenda kuvinunua walikuwa wengi, aliyepangiwa kuvitunza hakuwepo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ni mali. Namba zikae wazi: ubao langoni, ujumbe wa simu kwa wazazi, ukurasa wa kaunti ambao mtu yeyote anaweza kuusoma. Najua walimu wakuu wengi wataogopa, kwamba shule yenye namba mbaya itaaibishwa na yeye ahamishwe. Toeni ahadi ya maandishi kwamba namba mbaya zitaleta fundi na wavu, hazitaleta barua ya onyo. La sivyo vipimo vitafunikwa kwa kitambaa siku ya kwanza, na mimi sitamlaumu atakayevifunika. Wala visiwekwe kamera wala vinasa sauti kwa kisingizio cha kupima hewa. Tupime hewa, watoto tuwaache.

Najua mtakachojibu, kwa sababu nimeshajibiwa. Kwamba madarasa yenyewe hayatoshi, vyoo havitoshi, walimu hawatoshi, nami naja na habari za hewa. Ni kweli havitoshi. Sikatai hata kimoja. Lakini watoto 60 ndani ya chumba cha 40 ndio wanaohitaji hewa zaidi, wala hawawezi kungojea mpaka chumba cha pili kijengwe ndipo wapumue. Na upande wa Muhoroni na Chemelil, wakati wa kuchoma miwa, majivu meusi huanguka juu ya mashati ya shule. Kule hata darasa jipya halitasaidia kama hakuna anayejua siku gani ya kufunga madirisha mapema.

Chagueni shule kumi za kuanzia. Ziwe Obunga, Nyalenda na Manyatta, ziwe pia Muhoroni kwenye miwa na Ahero kwenye mpunga, moja iwe Seme ambako hewa ni njema ili tuwe na cha kulinganisha. Muhula mmoja wa kupima bila kubadilisha chochote, likizo moja ya kurekebisha kuta, muhula mwingine wa kupima tena. Rejista za mahudhurio zipo tayari. Hesabuni siku ambazo watoto walikosa kwa kifua, kabla na baada.

Kipimo changu bado kipo kwenye ile rafu ya nyuma. Mwalimu mkuu amekubali kikae mpaka shule ifungwe, na watoto wa gredi ya tano wameanza kuandika namba zake ukutani kwa chaki, asubuhi na mchana, kwa zamu. Njooni mzione. Njooni saa nane, wakati akina mama wamewasha moto, na mkae kipindi kimoja kwenye dawati la mwisho pamoja nao. Mwalimu bado hajui amweke wapi binti yangu.

Wenu kwa heshima,
Mzazi na fundi,
Obunga, Kisumu